Mabati ya Msikiti na Wake Wawili wa Babu

Msikiti wetu ulianza kuwapenda maskini mwaka ule Walutheri wa ng'ambo ya bonde walipoletewa mbuzi wa maziwa. Kabla ya hapo maskini walikuwepo, tena tele, na walikuwa wetu wenyewe, lakini hakuna aliyewaona kuwa ni jambo la kuundia kamati. Walutheri walipoanza kugawa wale mbuzi wenye viwele vya kuburuza chini, na wakawagawia hata Waislamu wawili wa upande wetu, wazee wa msikiti walikosa raha. Mmoja wa hao wawili alikuwa muadhini. Wazee walidai kwamba tangu apewe mbuzi, adhana yake ya alfajiri ilikuwa imenenepa.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba ilikuwa imeingia, na mtu mwenye lori alipishwa njia hata akiwa anatembea kwa miguu. Kwetu, huku milimani juu ya Lushoto, mwenye lori alikuwa mmoja tu, mfanyabiashara aliyenunua kabichi zikiwa bado shambani na kwenda kuziuza Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyesimama Ijumaa moja baada ya sala akatangaza kwamba anatoa mabati mapya ya kuezekea nyumba ya mjane mmoja, kwa ajili ya Mungu. Alirudia mara tatu kwamba ni kwa ajili ya Mungu, ili na waliokaa nyuma wasikie. Mimi sikuwemo, maana wanawake hatukuwa na nafasi mle ndani, lakini habari ilifika jikoni kwetu kabla waumini hawajamaliza kutafuta viatu vyao.

Ikabaki kazi ya kumpata maskini. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuyapata mabati. Kamati ilipita nyumba kwa nyumba, na kila walipobisha hodi walifukuzwa. Mjane wa kwanza aliwauliza kama wameona watoto wake wamekufa wote. Wa pili aliwapa chai, akawapa na mayai ya kubeba, ili wakome kumwita maskini. Msambaa anaweza kulala njaa siku tatu, lakini akisikia mgeni anapiga hodi atamsongea bada la mwisho, ugali wa muhogo, na kusema yeye hajisikii kula.

Mwisho wakatukuta kijitoni mimi na Bibi Mkubwa, yaani bibi yangu mzaa baba, aliyenilea, wakazungumza naye pale pale bila kufika nyumbani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo moyoni nilikwishayajua, na nilikuwa naishi naye. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye chai huko Mponde, akija sikukuu. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa madebe yaliyopondwa, na ilivuja mahali pengi kiasi kwamba tulijua kila tone kwa sauti yake.

"Mimi si maskini," Bibi Mkubwa aliwaambia. "Mimi ni mzee."

"Basi tunamjengea mzee," alisema imamu, ambaye alikuwa mtu wa tambarare, mpole, hajamaliza miaka miwili kwetu.

Bibi akafikiri. Akasema kama ni hivyo, mlango utazame bondeni, na chumba cha mjukuu kiwe na dirisha. Nilipenda ile nyumba kabla haijajengwa. Nilikwisha kuamua hata rangi ya pazia.

Sasa lazima nieleze kuhusu Bibi Mdogo. Babu yangu aliacha wake wawili kwenye mteremko mmoja, nyumba mbili zikitenganishwa na safu ya migomba. Wajane hawa hawakuwa wanasemeshana. Sababu nimeisikia kwa namna nne, na katika kila namna mkosaji ni yule asiyekuwepo. Walipotaka kuelezana jambo la lazima, walimwambia mbuzi au kuku, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya migomba. Kuku wetu walijua mambo mengi ya ukoo.

Bibi Mdogo alipika boha, pombe yetu ya miwa, na aliipika vizuri. Kwa hiyo kamati ilipopita ikitafuta mjane, kwake haikupiga hodi. Ilikaza mwendo. Baadhi ya wanakamati walimjua kwa njia nyingine na hawakutaka aanze kuwasalimia kwa majina; hao, hata siku ya kazi ilipofika, walijitia udhuru.

Jambo la pili ni hili. Katika ukoo wetu mke mkubwa hujengewa juu, mdogo chini, ili maji machafu yasimteremkie mkubwa. Kila mtu mlimani anajua hivyo. Lakini babu aliwabadilisha, kwa sababu Bibi Mkubwa aliumia goti akaomba awe karibu na kijito. Kwa hiyo kwetu mkubwa alikaa chini na mdogo juu, na waliojua ni majirani tu.

Kamati ikapanga msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, siku ya Jumapili. Jumapili ni siku ya soko Lushoto, na majirani wote waliotufahamu walikuwa wameshuka na karoti zao. Wazee wenye busara walishauri iwe siku nyingine. Kamati ikakataa, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ambayo Walutheri wakitoka kanisani wangesimama kule ng'ambo na kutuona vizuri.

Wakaja asubuhi, vijana wa upande wa pili wa mlima na vibarua wa mwenye lori, na majembe, mashoka, na dufu moja. Bibi Mdogo hakuwepo. Alikuwa ameshuka Mazinde kwa binti yake aliyejifungua, na ufunguo ameuchomeka juu ya mlango kama watu wote. Mimi nilikuwa nachambua maharage nje. Nikawaona wanaipita nyumba yetu, wanatusalimia kwa adabu, shikamoo bibi, wanapanda. Wakasimama mbele ya nyumba ya juu, ya mke mkubwa kwa desturi, wakidhani bibi ameshuka kwa mwenzake kupisha kazi. Imamu akainua mikono kuomba dua.

Nikasimama. Bibi Mkubwa akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa mtu aliyelima miaka sitini.

"Bibi, wanakosea."

"Watu wanaomba dua, wewe unataka kuongea?"

Dua ilikuwa ndefu. Imamu alimwombea mwenye mabati, akaiombea mikono ya wafanyakazi, akaliombea na lori. Wote wakasema amin, na Bibi Mkubwa akasema amin kwa sauti kuliko wote. Kisha akaniambia niteleke uji, watu wana kazi kubwa.

Nikateleka. Sina utetezi. Niliogopa kumkatiza imamu, nilimwogopa bibi zaidi, na kusema kweli palikuwa na sehemu yangu ndogo iliyotaka kuona itakuwaje. Vijana walitoa vitu vya Bibi Mdogo wakavipanga kwenye nyasi, kitanda, masufuria, sanduku la nguo, na mwisho wakatoka na vibuyu sita vilivyozibwa kwa majani ya migomba.

"Bibi, hivi ni vya nini?" imamu aliuliza.

"Siki," alisema Bibi Mkubwa. "Ya miwa. Inasaidia goti."

Vijana walivibeba vile vibuyu kwa uangalifu ambao hawakuuonyesha kwenye kitanda. Saa sita nyumba ilikuwa chini. Walutheri walitoka kanisani, wakasimama, wakatutazama, na wengine wakapunga mikono. Mwanakamati mmoja alitokwa na machozi.

Majirani waliporudi kutoka sokoni, wa kwanza kufika aliangusha kikapu. Mambo yakajulikana kwa namna mbaya, kwa kicheko. Imamu alikaa kwenye gogo akashika kichwa. Mwenye lori aliitwa, akaja, akauliza nani mjinga aliyeanza, na kwa kuwa wote walianza pamoja baada ya dua, swali likawa limemfikia imamu, ambaye hakutaka kuulizwa. Bibi Mkubwa aliulizwa mbona hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza.

Nilimchukia siku ile. Nasema hivyo hivyo, nilimchukia. Alikula mchana ule vizuri, akaomba na ukoko.

Kamati ikakutana barazani pa msikiti. Wapo waliosema ni qadari, na qadari ni neno zuri kwa sababu halijengi ukuta. Uamuzi ukawa huu: Bibi Mdogo apewe pole na mablanketi mawili, na mabati yabaki kwa Bibi Mkubwa kama ilivyotangazwa. Sadaka, walisema, haiwezi kuezeka nyumba ya pombe. Masika ilikuwa inakaribia. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa tambarare kila adhuhuri, yanatutazama, yanarudi.

Bibi Mdogo akarudi kutoka Mazinde na kapu la machungwa. Nilikuwa kijitoni nikamwona anapanda. Alisimama mbele ya lile lundo la udongo na fito muda mrefu. Nilitegemea matusi, maana alikuwa na matusi mazuri, hata nilikuwa nimejiandaa kuyasikiliza. Hakutukana. Aliviangalia vitu vyake kwenye nyasi, akavihesabu vibuyu, kisha akaanza kuhamishia kitanda kwenye banda la mbuzi. Kitanda hakikuingia. Akatandika mkeka juu ya majani makavu, akawasukuma mbuzi upande mmoja, akakaa. Mwanamke wa miaka zaidi ya sitini. Machungwa akayaacha njiani, na hakuna aliyeyagusa mpaka yakaoza.

Niliona Bibi Mkubwa anatazama kule juu kupitia migomba. Alitazama siku ya kwanza, alitazama siku ya pili. Siku ya tatu kikaanguka kimvua kidogo cha mchana, cha kujaribu. Banda la mbuzi halikuwa na ukuta upande wa mvua. Bibi Mkubwa hakula. Nilidhani goti.

Jumapili iliyofuata kamati ikarudi na majembe, safari hii ikiongozwa na mwenye lori mwenyewe, aliyewahesabia watu nyumba kwa kidole: "Hii. Hii ya chini. Mmeiona?" Bibi Mkubwa alikuwa ameketi juu ya kigoda katikati ya mlango wake, ungo mapajani, mguu mbovu ameunyoosha ukaziba kizingiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kubomoa?"

"Tumekuja kujenga, bibi."

"Mlishabomoa kule juu. Jengeni huko."

Imamu akakohoa. Akaeleza kwa upole kwamba mwenye nyumba ile ana kazi yake isiyompendeza Mungu, na kwamba sadaka ya muumini ina masharti.

"Kazi hiyo aliianza mume wangu akiwa hai," alisema Bibi Mkubwa, "na alikuwa anauza kwa watu." Akamgeukia mwenye lori. "Baba yako alikuwa anakaa pale, kwenye lile jiwe. Tukimbeba wawili kumrudisha kwenu. Mimi nikishika miguu."

Vijana wakatazama majembe yao. Mwenye lori akasema, bila kupandisha sauti, kwamba yeye ametangaza mabati haya mbele ya msikiti mzima kwa mjane mwema, na hawezi kubadilisha kwa sababu vijana wamekosea nyumba.

"Hawakukosea peke yao," alisema bibi. "Niliwaona. Nilisimama hapa na huyu mtoto, nikawaona, nikanyamaza makusudi. Nilifurahi. Nilitaka arudi akute hivyo. Nilikuwa nimengoja miaka mingi nione kitu chake kimoja kinaanguka." Alikuwa anachambua maharage huku anasema, na mikono haikusimama. "Sasa anasinzia na mbuzi, na mvua ikija itamchukua. Sikujua kama ningeona vibaya. Naona vibaya. Kwa hiyo mjane mwema unayemtafuta hayupo kwenye mteremko huu. Kuna sisi wawili tu. Jengeni juu."

Niliona aibu kiasi cha kutaka kuingia chini ya ungo. Kwetu mtu hakiri jambo kama lile mbele ya watu, anakufa nalo. Na kutoka banda la mbuzi hadi mlangoni petu si mbali. Mbuzi mmoja alilia, halafu akanyamaza ghafla, kama aliyeshikwa mdomo.

Imamu ndiye aliyepanda kwanza. Nilikuwa nimemdharau kwa ile dua ya lori, lakini siku ile alishika jembe mwenyewe, akapandisha kanzu, akaanza kuusawazisha uwanja wa juu. Vijana wakamfuata. Mwenye lori alibaki kidogo, akimtafuta mtu wa kumkasirikia. Alimpata dereva wake.

Nyumba ikasimamishwa kwa siku tisa na kukandikwa na wanawake. Mlango ulitazama bondeni. Chumba cha pili kilikuwa na dirisha. Nililitazama lile dirisha nikalia nyuma ya choo, kwa sababu lilikuwa langu. Bibi Mdogo aliwekewa sharti kwamba asipike boha ndani ya nyumba ya sadaka, akakubali mbele ya mashahidi, na akalitimiza mpaka kufa kwake: alipikia kwenye banda la mbuzi. Hakumshukuru mtu. Ijumaa imamu alitangaza kazi imekamilika, mjane mkongwe amesitiriwa, na msikiti mzima ukaelewa kuwa ni Bibi Mkubwa. Waliojua walinyamaza. Ilikuwa sadaka ya kwanza ya kamati na walitaka iwe na sura nzuri.

Masika ikaja. Nyumba ya juu ililia chini ya mvua kwa kishindo kipya, na ya kwetu ikavuja kama zamani, hata zaidi. Nilihamisha kitanda cha bibi mara tatu kwa juma. Nilikuwa mkali. Nilimwambia siku moja, huku nakamua blanketi, kwamba amegawa paa langu kwa mtu asiyemsemesha.

"Si lako," alisema. "Wewe utaolewa." Ndiyo yote aliyosema kuhusu jambo hilo.

Nilichoona baada ya hapo ni kimoja. Bibi Mdogo alikinga pipa chini ya mabati, na asubuhi moja akawaambia mbuzi wake, kwa sauti ya kufika kwetu, kwamba maji ya mvua ni meupe na ni mengi, na mtu mwenye goti bovu hana haja ya kushuka kijitoni kwenye utelezi. Bibi Mkubwa akamwambia kuku kwamba amesikia. Nikawa nachota kule juu. Walikaa hivyo miaka saba, wakiendelea kutosemeshana, na mimi katikati na ndoo, mpaka nikaolewa kweli, nikaenda Mombo.

Bibi Mkubwa alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukungu. Nilifika asubuhi. Wanaume walikuwa nje wakisubiri kaburi lichimbwe, wanawake tumekaa mikekani mbele ya mlango. Mwenye lori alikuja. Sasa alikuwa na malori mawili, kitambi, na uenyekiti wa kamati. Akaombwa aseme neno. Akasema marehemu alikuwa mama wa wote, na kwamba msikiti unajivunia kuwa ulimsitiri katika uzee wake kwa nyumba ya kisasa. Alipofika hapo akanyoosha mkono kuionyesha nyumba, na mkono ukakutana na yale madebe yetu, yamebadilika kuwa kutu tupu, na turubai la nailoni limefungwa pembeni kwa mawe. Nadhani alikuwa amesahau kweli. Alikuwa ametangaza mambo mengi tangu hapo. Mkono ukabaki hewani.

Imamu, ambaye ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi, alifungua mdomo kumsaidia.

Bibi Mdogo akainuka katikati ya wanawake. Alikuwa amekonda, anatetemeka kidogo kwa baridi, na hapakuwa na mbuzi wala kuku wa kumsemea.

"Nyumba yenu ni ile ya juu," alisema. "Mimi ndiye ninayekaa. Huyu aliwaona mnaibomoa ya kwangu, akafurahi. Nilimsikia kwa masikio yangu. Halafu akanipa ya kwake, akafa anavujiwa. Yote mawili kafanya yeye. Ninyi mlileta misumari."

Akamwomba mwenye lori apishe mlangoni. Akakunja mikono ya gauni lake mpaka juu ya viwiko, akaniambia nilete maji ya moto, akaingia ndani kumwosha mke mwenzake.